Picha Haionekani Ndani ya Barua Pepe: Dalili na Vyanzo Vyake

Malalamiko huja kwa maneno mawili tu, "picha haionekani", lakini nyuma yake kunaweza kuwa na kasoro kumi zisizofanana. Kabla hujagusa msimbo, jibu swali moja: mpokeaji anapofungua barua, picha yenyewe iko wapi wakati huo?

Inaweza kuwa kwenye seva, barua ikiwa imebeba anwani yake tu: `<img src="https://...">`. Inaweza kuwa imesafiri pamoja na barua kama sehemu inayojitegemea, na HTML (msimbo wa barua) ikaiita kwa kitambulisho: `<img src="cid:nembo">`. Au imegeuzwa kuwa maandishi ya base64 na kushindiliwa ndani ya HTML yenyewe: `<img src="data:image/png;base64,...">`. Kama haiko kokote kati ya hapo, basi imebaki kwenye kompyuta yako, na tatizo umeshalipata.

Swali hilo usilijibu kwa kukumbuka ulichoandika. Kati ya kiolezo chako na kikasha cha mpokeaji kuna maktaba ya kutuma barua, kuna seva ya SMTP (inayosafirisha barua), pengine na kampuni ya kutuma barua kwa wingi, na yeyote kati yao anaweza kubadilisha kitu njiani. Jitumie barua hiyo, ifungue kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza vidoti vitatu vilivyo karibu na jina la mtumaji, chagua Show original. Kwenye Thunderbird ni Ctrl+U. Unachokiona hapo ndicho kilichofika. Tafuta `<img` na usome src yake, yaani mahali picha inapochukuliwa, herufi kwa herufi.

Jambo moja huwashtua wengi wanapofika hapo: wanakuta `src=3D"cid:nembo"` na kudhani hiyo 3D ndiyo mharibifu. Siyo. Huo ni usimbaji wa quoted-printable, ambao huandika alama ya `=` kama `=3D` na kukata mistari mirefu kwa kuweka `=` mwishoni. Cha kutia wasiwasi ni kinyume chake: kichwa kinasema `Content-Transfer-Encoding: quoted-printable` halafu chini yake unakuta `src="` bila 3D. Hapo kuna mtu aliyetangaza usimbaji asioufanya, na programu ya mpokeaji inajaribu kufasiri kila `=` inayokutana nayo. Picha na linki ndizo huumia kwanza.

## "Kwangu inaonekana, kwa mteja haionekani"

Hii ndiyo dalili inayokuja mara nyingi kuliko zote. Ndani ya src tafuta `file:///`, `C:\Users\`, `localhost`, au anwani inayoanza na `192.168.`

Zile mbili za kwanza hutokea mtu anapoandaa barua kwenye Word kisha akaibandika kwenye mfumo. Picha inasomwa kutoka diski yake mwenyewe, kwa hiyo yeye ataendelea kuiona na kuapa kwamba haina shida mpaka siku atakapobadilisha kompyuta. Ya localhost ni ya mtengeneza mifumo aliyesahau kubadilisha anwani ya msingi kabla ya kupeleka kazi kwenye seva halisi.

Ya `192.168.` ni janja zaidi, maana ofisi nzima inaiona picha. Outlook ya kila mfanyakazi inaifuata moja kwa moja kupitia mtandao wa ndani. Anayeikosa ni mteja wa nje, na hata mfanyakazi yuleyule akifungua barua kwa Gmail. Tangu Desemba 2013 Gmail haimwachi mpokeaji akachukue picha mwenyewe. Seva za Google ndizo zinazoifuata, kisha zinamwonyesha nakala yake kupitia googleusercontent.com. Seva hizo haziwezi kuingia kwenye mtandao wa ofisi yako hata kidogo.

Kuna na hii: src inaanza na `https://mail.google.com/mail/u/0?ui=2`. Mtu alinakili picha kutoka kwenye barua iliyokuwa wazi ndani ya Gmail yake akaibandika kwenye kiolezo. Anwani hiyo ni ya kikasha chake, inafunguka akiwa ameingia na nywila yake, na kwa binadamu mwingine yeyote haifunguki.

Ikiwa anwani ni ya seva ya kweli, ipime kwa amri hii:

`curl -I https://example.com/picha/nembo.png`

Unatafuta vitu viwili, namba 200 (seva imekubali) na `content-type: image/png` au image/jpeg. Ukiona `text/html` pamoja na 200, anwani yako si ya picha, ni ya ukurasa unaoonyesha picha. Linki za Google Drive zenye `/view` mwishoni na za Dropbox zenye `?dl=0` ziko hivyo. Ukizifungua kwenye kivinjari unaiona picha na unaridhika, lakini tegi ya img imepewa ukurasa wa wavuti na haijui la kuufanya.

Ukipata 404 (faili halikupatikana), linganisha herufi kubwa na ndogo. Windows haijali kama faili ni `Nembo.PNG` au `nembo.png`, seva ya Linux inajali sana. Nafasi katikati ya jina la faili nayo ni usumbufu wa kujitakia, ingawa `%20` huiokoa.

403 (seva imekataa) ina hadithi ndefu kidogo. Mara nyingi ni kinga ya kuzuia tovuti nyingine zisitumie picha zako, ile inayoitwa hotlink protection kwenye cPanel, paneli ya kusimamia tovuti. Inaangalia ombi limetoka ukurasa gani. Ombi la kutoka kwenye barua pepe kwa kawaida halisemi limetoka wapi, na kama kinga imewekwa bila kuruhusu maombi ya moja kwa moja, picha inakataliwa. Au ni kinga ya kuzuia roboti, na seva za Google zinaonekana kama roboti kwa sababu kweli ni roboti: zinajitambulisha kwa jina la GoogleImageProxy. Angalia kumbukumbu za seva yako, tafuta jina hilo, uone zilijibiwa namba gani. Ukilikuta na 403 mbele yake, umemaliza uchunguzi.

Kipimo hicho cha curl usikifanye ukiwa kwenye WiFi ya ofisi. Washa data ya simu, pima ukiwa nje ya ukuta.

## "Kwenye iPhone iko sawa, Gmail kuna tundu tu"

Hiyo ni `data:`. Apple Mail inaionyesha bila shida. Gmail inaifuta. Outlook ya Windows ya zamani, ile inayotumia injini ya Word tangu toleo la 2007, haiionyeshi.

Njia hii huvutia watu kwa sababu inafanya kazi vizuri sana kwenye kivinjari. Unafungua faili lako la HTML, kila kitu kimo humo humo, hakuna seva wala kiambatisho. Lakini kivinjari si programu ya barua. Na hata pale inapokubalika, inainenepesha HTML: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, na Gmail hukata barua yoyote ambayo HTML yake imezidi KB 102, kisha humwachia mpokeaji linki ya kufungua iliyobaki. Picha moja ya wastani inatosha kuvuka kikomo hicho. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema barua yake inakatikia katikati, angalia kama hajashindilia base64 ndani.

Mimi sioni sababu ya kutumia `data:` kwenye barua inayokwenda kwa watu usiojua wanafungulia nini. Ihamishe picha iende kwenye seva au kwenye cid.

## "Sehemu ya picha iko tupu, picha yenyewe imekuja chini kama kiambatisho"

Hapa uko kwenye cid, na hapa ndipo penye kazi. Picha ilifika salama. Kilichoshindikana ni HTML kuitambua.

Utaratibu wenyewe ni wa siku nyingi. Nathaniel Borenstein, mmoja wa waliobuni MIME (kanuni za kubeba viambatisho ndani ya barua), alituma kiambatisho cha kwanza cha aina hiyo tarehe 11 Machi 1992, na kilikuwa picha ya kikundi chake cha uimbaji. Anwani za `cid:` zenyewe ziliwekewa kanuni mwaka 1997. Kwa hiyo programu za barua zimekuwa na muda wa kutosha kujifunza, na kasoro ikitokea mara nyingi iko upande wa mtumaji.

Fungua chanzo cha barua tena, shuka mpaka kwenye sehemu ya picha. Inapaswa kufanana na hii:

```
Content-Type: image/png; name="nembo.png"
Content-Transfer-Encoding: base64
Content-ID: <nembo-2025@example.com>
Content-Disposition: inline; filename="nembo.png"
```

Na ndani ya HTML:

```
<img src="cid:nembo-2025@example.com" alt="Nembo ya kampuni">
```

Linganisha mistari hiyo miwili inayobeba kitambulisho. Kwenye kichwa lazima kiwe ndani ya mabano ya pembe, `<` na `>`. Kwenye HTML mabano hayaingii. Kosa la mabano ndilo ninaloliangalia kabla ya kitu kingine chochote. Wanaotumia Python wanakutana nalo kila siku, kwa sababu `make_msgid()` inarudisha kitambulisho kikiwa tayari na mabano yake: unakipeleka kizima kwenye `add_related(..., cid=kitambulisho)`, lakini kwenye HTML unaandika `kitambulisho[1:-1]` ili kuyavua. Na wale wanaotumia njia ya zamani ya MIMEImage hufanya kinyume, wanaandika `Content-ID` bila mabano. Programu moja inasamehe, nyingine haisamehi, na hapo ndipo unapopata ile hali ya "Gmail sawa, kwingine hapana".

Kitambulisho kiwe cha herufi za kawaida, tarakimu na kistari. Wapo wanaotumia jina la faili moja kwa moja, "Nembo Mpya (1).png" na nafasi zake na mabano yake, kisha wanashangaa. Na picha mbili zisipewe kitambulisho kimoja.

Kama vitambulisho vinalingana na bado picha iko chini, angalia mpangilio wa sehemu za barua. Picha na HTML inayoiita zinapaswa kukaa pamoja ndani ya `multipart/related`. Mpangilio ulionyooka ni huu:

```
multipart/alternative
    text/plain
    multipart/related
        text/html
        image/png
```

Ukiwa na PDF ya kuambatisha, vyote hivyo vinaingia ndani ya `multipart/mixed` na PDF inakaa pembeni yao. Kasoro iliyozoeleka ni picha kutupwa kwenye `mixed` pamoja na PDF, kwa kuwa msanidi alitumia kazi ya kuambatisha badala ya kazi ya kupachika. Kwenye PHPMailer, maktaba ya PHP ya kutuma barua, ni tofauti ya `addAttachment` na `addEmbeddedImage`. Kwenye Nodemailer, mwenzake wa JavaScript, kazi ni moja, `attachments`, na kinachotofautisha ni kama umejaza `cid` au hukujaza. Angalia pia `Content-Disposition`: ikiwa ni `attachment` badala ya `inline`, programu nyingine hutii neno hilo na kuishusha picha chini hata kama mengine yote yako sawa.

Upo pia mfano wa sehemu ya picha kuwekwa ndani ya `alternative` sambamba na HTML. Maana ya `alternative` ni "chagua mojawapo, iliyo bora ni ya mwisho". Programu inayofuata kanuni inaweza kuichagua picha na kuyaacha maneno. Mpokeaji anapata nembo kubwa katikati ya ukurasa mweupe, basi.

Na kama kilichofika ni faili linaloitwa `winmail.dat`, usihangaike na cid. Mtumaji alitumia Outlook katika muundo wa Rich Text. Abadilishe kuwa HTML.

## "Barua za mwanzo ni nyepesi, za mwisho hazifunguki"

Mfumo unatuma ankara kwa wateja mia mbili, na kila mara unapachika nembo kwa kitambulisho kipya. Wa kwanza anapata barua yenye nembo moja, wa pili nembo mbili, wa hamsini nembo hamsini. Wote wanaona nembo moja tu juu ya ukurasa, kwa hiyo hakuna anayelalamika kuhusu picha. Wanalalamika kwamba barua inakula bando, au seva inaanza kuzikataa kwa ukubwa.

Ukitumia kitu kimoja cha PHPMailer ndani ya lupu, viambatisho vya mzunguko uliopita vinabaki humo mpaka uviondoe. `clearAddresses()` inaondoa wapokeaji tu. Ongeza `clearAttachments()`, maana picha zilizopachikwa nazo huhifadhiwa kwenye kapu hilohilo. Au ipachike nembo mara moja kabla ya lupu kuanza, na ndani ya lupu ubadilishe mpokeaji na maneno tu.

Uzito wenyewe upigie hesabu kabla ya kuamua. Picha ya KB 300 ikishasimbwa kwa base64 na kukatwa mistari inakuwa kama KB 410. Ukiipachika kwa cid kwenye barua ya wateja 5,000 umesukuma takriban GB 2 kwa ajili ya pambo. Picha ya namna hiyo ikae kwenye seva.

## "Mpaka nibonyeze kitu ndipo picha ije"

Hakuna kilichoharibika. Outlook kwa kawaida huzuia picha za kwenye seva hadi mpokeaji aruhusu, na mtumiaji wa Gmail anaweza kuchagua kuulizwa kwanza. Barua ikitua kwenye Spam, Gmail nayo haionyeshi picha. Sababu ni faragha: picha inapofuatwa, mtumaji anajua barua imefunguliwa. Ndiyo maana Apple kwenye iOS 15, mwaka 2021, ilileta kinga inayopakua picha kupitia seva zake hata kama barua haijasomwa, na takwimu za "waliofungua" zikapoteza maana.

Huwezi kumlazimisha mpokeaji aruhusu. Unachoweza ni kuandika `alt` yenye maana, na kuchagua picha ipi iende njia ipi. Nembo, mabango na mapambo yanaweza kusubiri kwenye seva. Msimbo wa QR wa tiketi hauwezi kusubiri: mtu yuko mlangoni, foleni iko nyuma yake, intaneti ya ukumbini inasuasua kwa sababu kila mtu anarekodi. Huo upachike kwa cid ili barua ikishapakuliwa nzima uwe tayari ndani ya simu, na chini yake uandike namba ya tiketi kwa maneno ya kawaida, ili mlinzi aweze kuiandika kwa mkono kila kitu kikigoma. Ankara vilevile: namba ya kulipia isikae ndani ya picha peke yake. Nimeona barua ambazo maelezo yote ya malipo ni bango moja la JPEG, na mteja aliyezuia picha anapokea ukurasa mweupe unaomdai pesa.

## Picha moja tu kati ya nyingi inakosekana, na kila barua ni ileile

Hii huwachosha watu kwa sababu msimbo wa picha zote ni mmoja. Tazama urefu wa mistari. Kanuni za barua pepe haziruhusu mstari kuzidi herufi 998, na kiolezo kilichobanwa ili kipunguze ukubwa huweza kuwa mstari mmoja wa maelfu ya herufi. Seva fulani njiani inaukata inapofikia kikomo, na kama mkato umeangukia katikati ya anwani ya picha, picha hiyo imekufa. Tuma HTML kwa quoted-printable au base64 iliyosimbwa na maktaba, tatizo linaisha.

Ndugu yake ni nukta inayopotea. Kwenye SMTP mstari unaoanza na nukta una maana maalumu, na mtumaji anapaswa kuongeza nukta ya pili ili ya kwanza isiliwe. PHP kwenye Windows ikizungumza na seva ya SMTP moja kwa moja kupitia `mail()` haifanyi hivyo. Mkato wa mstari ukiangukia kabla ya `.png`, mpokeaji anapata `nembopng`. Ukiona jina la faili limepoteza nukta, tumia maktaba ya kutuma barua badala ya `mail()`.

## Nimebadilisha picha kwenye seva, bado wanaona ya zamani

Seva za kati zimehifadhi nakala. Badilisha jina la faili au ongeza `?v=2` mwishoni mwa anwani kwa barua zijazo. Barua zilizokwisha kutumwa ziache.

## Inaonekana, lakini vibaya

Picha kubwa kuliko skrini kwenye Outlook ya Windows: injini ya Word haijali `max-width`. Weka `width="600"` kama sifa ya tegi yenyewe, kisha CSS kwa ajili ya wengine: `style="width:100%;max-width:600px;height:auto;display:block"`. Hiyo `display:block` ndiyo inayoondoa ule ufa mwembamba mweupe unaojitokeza chini ya picha zilizopangwa kwenye jedwali. Katuni ya GIF iliyogandia kwenye Outlook 2007 hadi 2016 itaendelea kuganda. Hakikisha ujumbe uko kwenye fremu ya kwanza.

SVG haionekani Gmail wala Outlook ya Windows, WebP inagoma kwenye Outlook hiyohiyo, na HEIC ya iPhone haifunguki kwenye vivinjari vingi. Tumia PNG kwa nembo na JPEG kwa picha za kamera. Ikiwa nembo umepewa na mpiga chapa, angalia kama haiko kwenye rangi za CMYK, za uchapishaji. Igeuze kuwa RGB, rangi za skrini, kabla ya kuipachika.

Nembo nyeusi yenye mandhari wazi hupotea kabisa mtu anapowasha hali ya giza kwenye simu. Mwambie mchoraji aizungushie ukingo mweupe mwembamba, au iweke juu ya kibao cheupe ndani ya faili lenyewe la picha, kwa sababu rangi ya mandhari unayoiandika kwenye CSS ndiyo hiyohiyo simu inayoibadilisha.